Mbiu Ndani ya Ufizi

Milango ilipofungwa, ukumbi mzima ukajaa sauti ya ufizi wa mtoto.

Mtoto mwenyewe hakuwa akisema neno. Skolastika, binti wa miaka kumi na miwili, alikaa kwenye kiti katikati ya ukumbi, kidevu juu, kijiti chembamba kama unyasi kimegusa ufizi wake wa chini. Kijiti hicho kiliitwa kisikizi. Katika ncha yake mlikuwa na vijimashine elfu arobaini, kila kimoja kidogo kuliko chembe ya damu. Vilipenya kwenye nyama ya ufizi, vikatulia humo, vikasikiliza jinsi chembe za mwili zinavyoitana. Vilichokisikia vilikituma juu kwenye kuba la ukumbi, na kuba likakigeuza kuwa mwanga na mlio.

Hivyo ndivyo watu wa Iringa ya miaka ile walivyoweza kuingia ndani ya ufizi na kusimama humo kama mtu anavyosimama bondeni. Kuta za waridi zilipanda pande zote. Mzizi wa jino ulisimama mweupe, mkubwa kama jiwe la Gangilonga. Chini yake, kwenye ukoga, bakteria walijaa kama punje za ulezi, na kila walipogusa ukuta, chembe moja ya ulinzi ilipiga mbiu. Ulikuwa mlio mnene, wa chini, unaosikika kifuani kabla ya kufika masikioni. Mara mishipa ilifunguka, askari weupe wakamiminika kuelekea kule mbiu ilikolia.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hawakujua kwamba mgambo huo umo vinywani mwao, unalia mchana kutwa wakiwa wanakula ugali wao na kusengenyana.

Daktari Leokadia Kikoti, aliyebuni kisikizi na kukijenga kwa miaka tisa, alikuwa amekwisha kusikiliza fizi za watu zaidi ya elfu mbili. Hakuzoea. Wageni waliotoka ukumbini humo waliongea kwa kunong'ona, kama watu waliotoka misani, na yeye hakuwashangaa. Kila mara nywele za mikono yake zilisimama. Ila safari hii kilichozisimamisha kilikuwa na woga ndani yake, kwa sababu Skolastika alikuwa mwanawe wa pekee.

Kwa mtu wa kawaida, mbiu hulia, askari huja, humeza adui, kisha mbiu hunyamaza na askari hurudi makwao. Kwa Skola mbiu haikunyamaza. Chembe ya kwanza ililia, ya pili ikaipokea, ya tatu, ya mia, mpaka kuba lote likatetemeka. Askari walizidi kuja. Walipokosa adui wa kummeza waligeukia ukuta, wakaubomoa, kisha wakaamsha walaji wa mfupa, na mfupa unaoshika jino ukaanza kumomonyoka mbele ya macho ya mama yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Chanzo chake kilikuwa kitu kidogo mno. Katika utepe wa vinasaba, wenye herufi bilioni tatu, ukoo wa Kikoti, Wahehe wa Iringa, ulitofautiana na majirani zake kwa herufi moja, tena herufi hiyo ilikaa mahali palipoandikwa amri ya kunyamazisha mbiu. Ukoga ule ule ambao kwa jirani ungeleta damu kidogo kwenye mswaki, kwao ulileta maangamizi. Leokadia aliiita hali hiyo mbiu ndefu. Baba yake alitafuna kwa ufizi mtupu akiwa na miaka thelathini na minne. Babu yake aliacha kucheka mbele za watu kabla hajaoa. Na meno ya kupandikiza, ambayo jiji lilikuwa nayo ya kila aina, hayakuwasaidia kitu, kwa sababu jino hupandwa kwenye mfupa, na mfupa ndio uliokuwa ukiliwa.

"Mtani," sauti ikasema kutoka gizani, nyuma ya mitambo. "Umesikia kelele hizo? Huo si ugonjwa. Hao ni Wahehe wamemwona mbwa amenona."

Skola alicheka hadi kijiti kikachomoka, na kuba likazimika.

Aliyesema ni Odilo Komba, fundi mkuu wa kisikizi, Mngoni wa Peramiho, mwanamume wa miaka hamsini mwenye mabega mapana na meno tisa tu. Wahehe na Wangoni walipigana zamani hadi wote wawili wakachoka, na waliposhindwa kumalizana kwa mikuki wakawa watani. Katika jiji hili magari yalipita hewani na mashine ziliandika sheria, lakini utani haukuwa umeguswa. Mtani hukutukana, akasema kwenu mnakula mbwa, ukacheka. Mtani huchukua kitu chako mbele ya macho yako, na ukikasirika, aibu ni yako. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kufanya mzaha kaburini ili msife wote kwa majonzi.

"Na wewe meno yako yalikwenda wapi?" Leokadia akamuuliza huku akikifuta kijiti.

"Yalikwenda na bibi yenu. Babu zangu walimteka vitani, wakadhani wamepata mke. Kumbe wamepata mbiu yenu."

Hilo lilikuwa kweli. Kisikizi kilipopita kinywani mwa Odilo kwa mara ya kwanza, kilikuta mbiu ndefu ile ile, herufi kwa herufi. Siku hiyo walicheka mpaka wakakaa chini.

Dawa ilikuwa tayari. Leokadia aliiita kitulizi: tone moja la majimaji mazito yenye rangi ya asali, lenye wajumbe wa kuingia kwenye chembe za ufizi na kuirudisha ile herufi moja mahali pake. Lilichukua wiki sita kukuzwa kwenye mtungi, na mtungi ulitoa tone moja kwa wakati mmoja. Lilikuwa limejaribiwa kwenye fizi mia sita zilizooteshwa ndani ya chupa, na kwenye panya wasio na idadi. Baraza la Vinasaba lilibishana miaka miwili, kisha likaruhusu binadamu mmoja, mwenye umri ambao mfupa bado unaweza kurudi. Leokadia mwenyewe alikuwa amechelewa. Skola hakuwa amechelewa, lakini kila wiki iliyopita ilimpunguzia mfupa wa unene wa ukucha, na magego yake mawili ya chini yalikwisha anza kucheza.

Asubuhi ya kupaka dawa, mjumbe wa Baraza alikuwepo, Skola alikuwa kitini, na Leokadia alikuwa ameshika sinia lenye kichupa. Odilo alikuja kutoka kwenye mitambo, taratibu, kama mtu anayefuata chumvi mezani. Akakichukua kichupa. Akakivunja shingo, akajipaka tone lote kwenye fizi zake, juu na chini, akajilamba.

"Nimechukua, mtani," akasema. "Nami nataka kutafuna mahindi ya kuchoma kabla sijafa."

Mjumbe alitaka polisi waitwe. Wiki sita. Unene wa kucha sita. Leokadia alimtazama mtu huyo aliyefanya naye kazi miaka tisa na akamchukia, wazi kabisa, na moyo wake ukamtamkia maneno ambayo hajapata kumwambia mtu. Lakini Skola alikuwa akimwangalia, na mjumbe naye, ambaye alikuwa Mbena, mwenye watani wake, na aliyajua mambo haya vizuri.

"Umechukua," Leokadia akasema. Akamwashiria mjumbe asiite polisi.

"Mtoto akue kwanza. Wiki sita si haba."

Siku ya kumi walimkalisha Odilo kitini, kwa kuwa dawa ikishamwingia mtu haitoki, na mwanasayansi mwenye hasira bado ni mwanasayansi. Milango ikafungwa. Mbiu ililia mara moja, kwa kiasi. Askari wakaja, wakameza, mbiu ikanyamaza. Askari wakarudi.

Leokadia alisimama chini ya kuba lile na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. Kwa vizazi visivyohesabika ukoo wake haukuwahi kuwa na kimya cha namna hiyo kinywani. Aliomba warudie. Wakarudia mara nne. Chuki yake iliyeyuka yote, akamshika Odilo mabega na kumwita mwizi, na Odilo akafurahi kuitwa hivyo.

Siku ya ishirini na tano mbiu ilisikika kwa shida. Siku ya thelathini na tano haikusikika. Ufizi ulikuwa wa waridi, umetulia, hauvuji hata tone la damu, na Leokadia aliandika katika taarifa yake neno moja: amani.

Ni katika siku hizo Odilo alipojikata na jembe kwenye bustani yake ya mboga, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Akamwonyesha Leokadia wakati wa chai, kwa majivuno.

"Angalia, mtani. Siku ya nne leo. Hakijavimba, hakina wekundu, hakiumi. Hata nzi wamekipuuza."

Leokadia aliinama akakitazama. Kilikuwa kidonda kisafi ajabu, kingo zake zimetulia kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. "Kinapendeza," akasema, akarudi kwenye chai yake. Neno hilo lingekuja kumwamsha usingizini miaka mingi baadaye. Daktari yeyote wa zamani, mwenye bandeji na kandili, angeuliza kwa nini kidonda cha siku nne hakivimbi. Lakini Leokadia alikuwa mtu wa jiji lake. Kila mlango wa jiji hilo ulikuwa na kizingiti kinachopima joto la anayepita na kutafuta uvimbe na maumivu, na mgonjwa alijulikana kabla hajajijua. Odilo alipita vizingiti ishirini kwa siku, na vyote vilimwashia taa ya kijani.

Tone la pili likaiva. Skola akakaa tena kitini, mjumbe wa Baraza akaja tena, na safari hii sinia lilikuwa mikononi mwa mjumbe mwenyewe. Odilo, ambaye hakuwahi kuchelewa kazini, alichelewa. Walimngoja nusu saa. Mlango ukamwashia kijani, akaingia, akatembea hatua tano na kuketi sakafuni polepole.

Leokadia alimgusa shingo. Alikuwa baridi, na ngozi yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Nisikilize mimi kwanza, mtani," Odilo akasema. "Si kinywani. Mguuni."

Wakakiingiza kisikizi kwenye kile kidonda kilichopendeza. Kuba likawaka.

Hapo Leokadia aliona jambo ambalo jicho la binadamu halikuwa limewahi kuliona. Bakteria walijaa kote, safu juu ya safu, kama mahindi ndani ya gunia. Nyama ilikuwa ikisambaratika na kutiririka. Katikati ya uharibifu huo askari weupe walipita ndani ya mishipa yao, wanene, wazima, kwa mamilioni, wakipita kando ya adui bila kugeuka, kama watu wanaopita kando ya nyumba inayowaka wakiwa wamezibwa macho na masikio. Hapakuwa na mbiu. Hata moja. Ukumbi uliojengwa kwa ajili ya kuvuma ulikaa kimya, na kimya kile kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Leokadia alisikia saa ya mjumbe ikitembea mkononi.

Akaelewa yote kwa mkupuo mmoja. Wajumbe wa kitulizi hawakubaki kwenye ufizi, wala hawakukoma kuikazia ile amri ya kunyamazisha. Walisafiri na damu hadi kwenye uboho, ndani ya mifupa, mahali askari wote wanapozaliwa, wakawafundisha wote unyamavu. Homa ni mbiu. Uvimbe ni mbiu. Maumivu nayo ni mbiu. Fizi za chupani hazikuwa na uboho wa kuonyesha hayo, na panya waliishi kwenye vizimba visafi bila jembe wala udongo.

Akaelewa na jambo la pili. Ile herufi haikuwa kosa. Katika miaka ya mikuki na vidonda vichafu, waliokuwa na mbiu ndefu ndio waliopona. Mwili ulipiga kelele kupita kiasi, ukajibomoa meno wenyewe, lakini mtu aliinuka na kuzaa watoto. Vile vinywa vitupu vilivyoficha vicheko vyao vilikuwa vya watu waliobaki hai. Alikuwa ameyatumia maisha yake yote kumwinda mlinzi wa ukoo wake.

Odilo aliishi siku tatu. Dawa za jiji ziliua bakteria, lakini sumu ilikwisha tapakaa, na mwili wake haukujua kwamba umevamiwa, kwa hiyo haukusaidia kwa lolote. Hakuumwa popote. Siku ya mwisho, jua likiwa la mchana, alimuuliza Leokadia kama Wahehe wamekwisha kumgawana mbwa wake, na kabla hajajibiwa akawa amekwenda.

Leokadia alilitupa tone la pili katika tanuri la maabara mbele ya mjumbe. Wakiwa ndani ya gari la sumaku kuelekea Peramiho, Skola alimuuliza swali moja tu.

"Meno yangu, mama?"

"Mengine yataondoka. Tutapambana na ukoga kila siku, tutayachelewesha. Lakini yataondoka."

Skola akaitikia kwa kichwa, akageukia dirisha.

Peramiho watu walikuwa wengi. Jeneza lilipofika kaburini, waombolezaji walinyamaza na kumtazama Leokadia, kwa kuwa yeye ndiye mtani na kila mtu alijua zamu ilikuwa yake. Alitamani ardhi immeze. Yeye ndiye aliyeitengeneza dawa. Yeye ndiye aliyesema kinapendeza. Lakini mtani haendi msibani kulia. Akashuka kaburini kwa viatu vyake vya jiji, akaketi humo, akakunja mikono.

"Haingii," akasema. "Huyu ni mwizi. Ameniibia dawa ya mwanangu mchana kweupe, na shahidi ninaye. Mpaka nilipwe, nalala humu mimi."

Wakacheka, wanawake wakapiga makofi. Mjane, mama Egno, akasogea ukingoni. Kwa desturi alipaswa kujibu matusi kwa matusi. Akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Mtani, ni kweli mume wangu mwizi. Lakini alijua anachoiba. Asubuhi ile tulikuwa tunakunywa chai, akaniambia, leo naenda kuiba dawa ya Skola. Nikamuuliza, kwa nini usiombe? Akasema, nikiomba, Baraza litaniuliza maswali miaka miwili, na mtoto hana mfupa wa miaka miwili. Akasema, ufizi wa chupani hauna mguu, mama Egno, na panya halimi. Dawa ikiwa nzuri, mtoto ataipata baada ya wiki sita. Ikiwa mbaya, basi mwizi amekula cha wizi, na mwizi nani humwonea huruma?"

Kicheko kilikufa. Leokadia aliinua uso kutoka shimoni. Miaka tisa alikuwa amesikiliza ndani ya miili ya watu hadi kwenye chembe zao, na hili hakulisikia. Watu walingoja mzaha wake. Akalia, mbele ya ukoo mzima wa Komba, jambo ambalo mtani hapaswi kulifanya.

Skola ndiye aliyesogea hadi kwenye ukingo. Alisimama kando ya mama Egno, mwembamba, ufizi wake ukivuja damu kidogo kama ilivyokuwa desturi yake asubuhi. Naye alikuwa Mhehe, na zamu ilikuwa yake pia.

"Basi huyu mwizi kavuka mpaka," akasema. "Kaiba dawa, tukanyamaza. Sasa kaiba na kifo changu."

Kisha mzee mmoja wa Kingoni, kaka mkubwa wa marehemu, akaanza kucheka, kicheko kizito chenye machozi ndani yake, na wote wakamfuata, mama Egno akiwa ameegemea bega la mtoto. Mikono ikanyooshwa shimoni, ikamtoa Leokadia. Jeneza likashushwa. Mtu akampa Leokadia koleo, naye akaanza kufukia, maana kazi hiyo nayo ni ya watani.